Je, ni Kweli Wazee Wetu Waliikataa Shule?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna swali ambalo vijana wetu wanaosoma shule za serikali hutuletea madrasa kila mwaka: "Ustaadh, kwa nini Waislamu wa zamani hapa Rwanda hawakupenda kusoma?" Huambiwa hivyo na wenzao, wakarudi nyumbani wameinamisha vichwa. Tumeona tulijibu hapa, ili na nyumbani lizungumzwe.

Uislamu ulishika mizizi Kigali pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara waliofuatana na Wajerumani, wengi wao wakitoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Richard Kandt aliuanzisha mji huu mwaka 1907, na msikiti wa kwanza, Al-Fat'h, ukajengwa mwaka 1913. Kiswahili kilikuwa lugha ya ofisi na ya soko. Basi tujiulize: karani anawezaje kuwa adui wa kalamu?

Mambo yaligeuka baada ya Wabelgiji kuichukua nchi mwaka 1916. Wao hawakujenga shule nyingi za serikali. Kufikia mwaka 1930 walikuwa wamewakabidhi wamisionari kazi ya kusomesha, huku serikali ikitoa ruzuku. Tangu hapo mlango wa shule ukawa ni mlango wa kanisa. Hata Mfalme Mutara Rudahigwa alibatizwa, mwaka 1943. Kiswahili nacho hakikupendwa na wamisionari, kwani walikiona ni njia ya Uislamu.

Sasa mtazame mzazi wa Kiislamu wa Biryogo, mtaa ulioitwa Kambi ya Waswahili. Akimpeleka mwanawe shule, anahofia atarudi na jina jingine na dini nyingine. Akimzuia, mtoto hatapata cheti, na bila cheti hakuna kazi ya ofisi. Wengi walichagua kuilinda imani. Watoto wakapelekwa chuoni kusoma Qur'ani, kisha wakaingia katika biashara, ushoni, ufundi wa magari na udereva wa malori. Kuiita hali hiyo uvivu wa kusoma ni dhulma kwa wazee wale.

Na dhulma hiyo iliingia hata katika lugha. Katika Kinyarwanda neno "umuswahili" likawa tusi, maana yake mtu mjanjamjanja asiyeaminika. Hadi leo wapo wanaolitamka hivyo bila kujua lilikotoka.

Mwaka 1957 ndipo ilipofunguliwa Shule ya Intwari kwa ajili ya watoto wa Kiislamu hapa Kigali. Hesabuni wenyewe: miaka 44 tangu msikiti wa kwanza! Intwari, kama mjuavyo, ni shujaa. Miaka mitano baadaye nchi ikapata uhuru, na ofisi zikajazwa na waliokuwa na vyeti. Ni Waislamu wangapi wangekuwa navyo? Jumuiya ya Waislamu, AMUR, iliundwa mwaka 1964, na baadaye tukapata sekondari yetu ya sayansi, ESSI, hapo Nyamirambo.

Mwaka 2017 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Lugha ile iliyowafanya babu zetu wadharauliwe sasa inafundishwa mashuleni, na watoto wetu ndio wanaowasaidia wenzao kuitamka.

Wazee waliosoma Intwari siku zile za mwanzo wanazidi kupungua. Enyi wanafunzi, likizo hii chukueni daftari mkawaulize walisoma nini, nani aliwafundisha, na ni nani katika ndugu zao aliyebaki nyumbani. Nanyi wazazi mlio na vyeti au picha za zamani, zitoeni kabatini watoto wazione.

Wabillaahi tawfiiq.