Msimulizi wa Picha kama Mhifadhi wa Matini: Isaac Nabwana na Filamu ya Wakaliga

1. Utangulizi

Nkuhungu ni moja ya kata za Jiji la Dodoma. Kama zilivyo kata nyingine za mji huo, ambao uamuzi wa kuufanya makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973, ina wakazi Wagogo pamoja na wengine waliohamia kutoka pande mbalimbali za nchi, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Katika mitaa ya makazi ya namna hiyo, nchini Tanzania na katika nchi jirani, sinema za ng'ambo ziliwafikia watu wengi si katika majumba makubwa ya mjini bali katika mabanda ya video: chumba kimoja, mabenchi, televisheni, deki na kiingilio kidogo mlangoni.

Picha iliyooneshwa humo aghalabu ilizungumza Kiingereza, Kichina au Kihindi, ilhali hadhira haikuzielewa lugha hizo. Pengo hilo ndilo lililomzaa msimulizi wa picha. Huyu hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti, na kuieleza hadithi upya kwa lugha ya wasikilizaji wake. Watafiti kama Birgit Englert (2010) na Matthias Krings (2015) wameijadili kazi hiyo kama ilivyostawi Dar es Salaam. Hata hivyo, katika taaluma ya Kiswahili lingali swali ambalo halijapewa uzito unaostahili: je, usimulizi huo ni tafsiri mbovu inayoichafua filamu, au ni matini yenye thamani yake?

Jibu linaweza kutafutwa katika maisha ya kazi ya mtengenezaji filamu mmoja wa nchi jirani, ambaye jina lake liliufikia ulimwengu kwa njia ya video ya mtandaoni. Kisa cha Isaac Nabwana wa Kampala kinaonesha kwa uwazi usio wa kawaida kwamba kuna wakati ambapo sauti ya msimulizi ndiyo inayoibeba filamu hadi kwa vizazi vijavyo.

2. Kutoka matofali hadi kamera

Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana alizaliwa mwaka 1973 katika mtaa wa Wakaliga, jijini Kampala. Utotoni hakuwa na nafasi ya kwenda sinema. Waliokwenda ni kaka zake, nao walirudi nyumbani na kumsimulia walichokiona: nani alimpiga nani, gari liliruka vipi, adui aliangukaje. Jambo hili si dogo. Msanii huyu alizijua filamu kwa masikio kabla ya kuziona kwa macho. Mwalimu wake wa kwanza wa sinema alikuwa msimulizi.

Ukubwani alifyatua matofali na kuyauza, na sehemu ya mapato yake ikamwezesha kununua vifaa. Alianza mafunzo ya kutengeneza kompyuta, lakini ada ilimwishia kabla ya kozi kumalizika. Yaliyobaki akajifunza mwenyewe. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Nyumba yake ikawa studio, na majirani wakawa waigizaji. Mtaa nao ukapata jina jipya, Wakaliwood.

Namna ya kufanya kazi ilitokana na hali halisi. Bunduki zilichongwa kwa mbao na kuungwa kwa vyuma chakavu, na moto na milipuko vikaongezwa baadaye kwa kompyuta ambazo Nabwana mwenyewe aliziunga kwa vipuri. Waigizaji walishiriki pia katika mauzo, wakizipeleka diski nyumba kwa nyumba, tena kwa haraka, kwa sababu baada ya siku chache nakala za wizi zingejaa sokoni.

3. Filamu, kionjo na mtandao

Kazi iliyobadili mkondo wa maisha yake ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Inasemekana gharama yake haikuzidi dola 200 za Marekani. Ni hadithi ya kapteni wa jeshi anayetumwa kupambana na genge la wahalifu. Anauawa, na ndugu yake bingwa wa kung-fu anamtafuta muuaji. Swali lililo katika jina la filamu halijibiwi hadi mwisho.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube. Filamu yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa Kampala, nao mazungumzo yake yalikuwa ya Kiganda. Hakuna aliyetarajia kwamba ingevuka mipaka ya mji. Kionjo kilivuka. Watu wa mabara mengine walikitazama na kukisambaza, wengine kwa kicheko, wengine kwa mshangao wa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2011 kilimfikia Alan Hofmanis, mkazi wa New York aliyekuwa na uzoefu wa matamasha ya filamu. Alisafiri hadi Kampala kumtafuta mtengenezaji, na hatimaye akahamia Wakaliga na kuwa mshirika wake.

Hatua zilizofuata zilikuwa za haraka. Mwaka 2015 kampeni ya kuchangisha fedha mtandaoni iliomba dola 160 na kupata zaidi ya dola 13,000. Mwaka huo pia filamu nzima ya Captain Alex iliwekwa YouTube, ambako imetazamwa mara mamilioni. Bad Black ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016, na mwaka 2019 Crazy World ilioneshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto.

4. Nakala iliyosalia

Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, kiini cha kisa hiki hakimo katika tuzo. Kimo katika upungufu wa nafasi ya kuhifadhia. Nabwana alipomaliza Captain Alex, kompyuta yake haikuwa na nafasi ya kutosha kwa ajili ya filamu iliyofuata. Hivyo alizifuta picha za awali. Kilichosalia ni nakala ya diski yenye ubora hafifu, na juu ya nakala hiyo imo sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa mabanda ya Kampala, akiisimulia filamu kwa Kiingereza. Filamu isiyo na msimulizi imepotea.

Maana yake ni kwamba mtu yeyote anayeitazama Captain Alex leo, awe Texas au Dodoma, anaitazama kupitia kwa msimulizi. Sauti yake huwasifu waigizaji, humkejeli adui, hutahadharisha kabla ya pigo, na kuutaja mtaa kwa fahari. Haijifichi nyuma ya picha kama afanyavyo mtafsiri wa maandishi ya chini. Ni sauti ya fanani aliye mbele ya hadhira yake, anayepima kicheko chao na kujua lini anyamaze. Katika kazi zilizofuata za Wakaliga, msimulizi aliendelea kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Ajali ya kompyuta imeonesha kile ambacho watazamaji wa mabandani walikijua tangu zamani, kwamba filamu waliyoilipia ilikuwa ile iliyosimuliwa.

Ikumbukwe pia kwamba neno lenyewe linafundisha. Waganda huliita banda la video kibanda, na kwa wingi bibanda, neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja.

5. Usimulizi katika historia ya Kiswahili

Si mara ya kwanza kwa picha na sauti kutoka kwa mikono tofauti. Wajapani wa enzi ya filamu bubu walikuwa na wasimulizi wao, benshi, waliokuwa mashuhuri kuliko hata waigizaji. Katika Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioungwa mkono na serikali za kikoloni, uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za elimu ambazo maelezo yake yalirekodiwa katika santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lakini sauti ya Vugiri ilitoka juu kwenda chini: iliwaeleza wanakijiji namna ya kulima, kuweka akiba na kujikinga na maradhi. Msimulizi wa banda ni mmoja wa hadhira. Huwapa wahusika majina ya nyumbani, huingiza methali, na huifananisha mitaa ya Hong Kong na mitaa ambayo wasikilizaji wake wanaijua. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliipa kazi hiyo hadhi kubwa nchini Tanzania, na kanda na diski zenye sauti yake zilisambaa mbali.

Hapa ndipo mfano wa zamani zaidi unapofaa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakutufikia kwa mkono wake. Yalihifadhiwa katika kumbukumbu za watu, yakakusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ushirikiano na William Taylor, na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Hakuna mwanazuoni anayeyakataa kwa sababu yamepitia vinywa na kalamu za wengine. Badala yake, kila aliyeyapitisha amekuwa sehemu ya historia ya matini. Msimulizi wa picha anastahili kipimo hichohicho.

6. Haki, dosari na hatari ya kupotea

Si kwamba kazi hii haina lawama. Filamu nyingi zilizosimuliwa zilinakiliwa bila ridhaa ya wenye haki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haitoi mwanya kwa biashara ya namna hiyo. Nabwana mwenyewe, ambaye filamu zake husimuliwa kwa ridhaa yake, ameumizwa na wizi wa nakala. Wapo pia wanaolalamika kuwa msimulizi hupotosha maana na kukivuruga Kiswahili sanifu. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazijibu swali la uhifadhi. Kosa la kisheria la aliyetengeneza nakala haliondoi ukweli kwamba ndani yake imo lugha: misemo ya mtaa, vichekesho, lafudhi na maarifa ya usimulizi ya kipindi kizima.

Kanda za video zinaoza na diski zinakwaruzika. Simu za mkononi zimempa mtazamaji sinema yake peke yake, bila benchi la pamoja. Asasi za lugha huhifadhi vitabu na magazeti. Sauti hizi ziko katika makabati ya watu binafsi, na siku ya kufagia nyumba huenda zikatupwa.

7. Hitimisho

Nabwana alifuta picha zake kwa sababu alihitaji nafasi, na msimulizi akamwokolea filamu bila kukusudia. Wasimulizi wa Kiswahili waliofanya kazi hiyohiyo kwa miongo hawana wa kuwaokolea sauti zao isipokuwa wanafunzi na wanazuoni wa lugha hii. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji mtu wa kwenda mtaani, Nkuhungu au kwingineko, kuuliza ni nani angali na kanda za zamani, kuzinakili, kuandika jina la msimulizi na mwaka, na kuziweka mahali ambapo zitasikilizwa. Mzee wa mtaa aliyewahi kuendesha banda la video ni shahidi wa historia hiyo, na ushahidi wake haudumu kuliko kanda zake.