Taa, lami na mikono ya wauguzi: historia ya tiba ya mwanga kwa magonjwa ya ngozi

Mwishoni mwa miaka ya 1890, mjini Copenhagen, Denmark, wagonjwa wanne walikuwa wakilazwa pamoja chini ya taa moja kubwa ya umeme. Mirija minne mirefu ilishuka kutoka kwenye taa hiyo, kila mmoja ukielekezwa kwenye uso wa mtu. Kando ya kila mgonjwa alikaa muuguzi aliyekandamiza lenzi ya fuwele juu ya kidonda kwa muda wa saa nzima, damu isogee pembeni na mwanga upenye ngozi. Kesho yake kazi ilianza upya, na kwa wengine iliendelea kwa miezi.

Wagonjwa hao walikuwa na kifua kikuu cha ngozi, maradhi yaliyokula pua, midomo na mashavu, na kuwafanya watu wajifiche wasionekane barabarani. Aliyebuni tiba hiyo ni daktari Niels Ryberg Finsen, mzaliwa wa Visiwa vya Faroe mwaka 1860. Mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu ujana, na aliona jinsi jua lilivyompa nguvu. Novemba 1895 alianza kumtibu mhandisi mmoja kwa taa za kampuni ya umeme ya mji huo. Mwaka uliofuata ilifunguliwa taasisi yake ya tiba ya mwanga, na ndani ya miaka michache ilikuwa imetibu wagonjwa zaidi ya 800 wa kifua kikuu cha ngozi, wengi wao wakipona. Mwaka 1903 Finsen alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 43.

Mwaka 1900 Alexandra, binti wa kifalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliifikisha taa hiyo katika London Hospital. Huko nako walioishughulikia kila siku walikuwa wauguzi. Jina la Finsen limeandikwa vitabuni, nao wengi hawakuandikwa popote. Hata hivyo, bila mtu wa kuishika ile lenzi kwa saa nzima, taa ile ingebaki kuwa taa tu.

Lami usiku, taa mchana

Dawa za kuua vijidudu zilipopatikana katikati ya karne ya 20, kifua kikuu cha ngozi hakikuhitaji taa tena. Lakini mwanga ulikuwa umeshapata kazi nyingine: soriasisi.

Soriasisi haiambukizi. Ni hitilafu katika kinga ya mwili inayoifanya ngozi ijitengeneze kwa kasi isiyo ya kawaida. Ngozi yenye afya huchukua takriban mwezi mmoja kujibadilisha. Penye soriasisi huchukua siku chache tu. Seli hurundikana na kuwa mabaka mazito yenye magamba meupe, hasa kwenye viwiko, magoti na kichwani.

Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza tiba iliyounganisha lami ya makaa ya mawe na mionzi ya urujuanimno. Mgonjwa alilazwa kwa wiki kadhaa. Wauguzi walimpaka lami nyeusi yenye harufu kali, wakaifuta, wakamweka chini ya taa, wakamwogesha, kisha wakampaka tena. Mwaka 1953 daktari John Ingram wa Leeds, Uingereza, alieleza utaratibu wake: bafu la lami, mionzi, kisha dawa ya dithranoli. Dawa hii huunguza ngozi yenye afya na kuacha madoa kwenye ngozi na mashuka, hivyo ilibidi muuguzi aipake juu ya kila baka bila kuvuka mpaka wake, mwili mzima, kila siku.

Kazi hiyo ilikuwa na faida ambayo haikuandikwa kwenye cheti cha dawa. Mtu ambaye watu walikataa kumpa mkono aliguswa kila siku na mtu asiyemwogopa. Naamini hilo nalo lilikuwa sehemu ya uponyaji.

Mmea wa bonde la Nile

Hatua iliyofuata ilitoka Afrika. Katika bonde la Nile huota mmea uitwao Ammi majus. Kwa karne nyingi, wenye mbalanga walitumia mbegu zake kisha wakaota jua ili rangi irudi kwenye ngozi. Ibn al-Baytar, bingwa wa mitishamba aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya matumizi hayo. Katika miaka ya 1940, daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliwatibu wenye mbalanga kwa kemikali iliyopatikana kutoka mmea huo, iitwayo psoraleni.

Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na John Parrish na Thomas Fitzpatrick, walitangaza kwamba psoraleni pamoja na taa maalumu husafisha soriasisi sugu. Mgonjwa alimeza dawa, akasubiri, kisha akasimama ndani ya kibanda cha taa. Furaha ilikuwa kubwa, lakini miaka michache baadaye ilionekana kwamba tiba hiyo ikitumika kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Somo likawa wazi: mwanga ni dawa, na kama dawa yoyote una kiasi chake na madhara yake.

Mwaka 1981 Parrish na mwenzake Kurt Jaenicke walipima mawimbi ya mwanga moja baada ya jingine. Waligundua kwamba mawimbi mafupi sana huunguza ngozi bila kuisaidia soriasisi, na kwamba yale yaliyo karibu na nanomita 313 hutibu vizuri. Kampuni ya Philips ikatengeneza taa inayotoa mawimbi ya takriban nanomita 311. Taa hizo hazihitaji kidonge, na hata mjamzito anaweza kutibiwa nazo. Ndizo zinazotumika zaidi leo, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki, kwa soriasisi, mbalanga na baadhi ya pumu za ngozi.

Kipimo na ngozi yetu

Kabla ya tiba, muuguzi huangaza vipande vidogo vya ngozi kwa viwango tofauti, na kesho yake husoma ni kiwango kipi kilichoanza kuiunguza. Dozi ya kwanza huwa chini ya hapo. Kila mgonjwa anaporudi, muuguzi huuliza ngozi ilikuwaje usiku na kama kuna dawa mpya anayotumia, kwa kuwa dawa nyingine huifanya ngozi iungue upesi. Humvisha miwani ya kinga, humfunika sehemu za siri, kisha huandika dozi.

Juu ya ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Muuguzi anayesubiri kuuona atamuunguza mgonjwa. Inambidi aguse asikie joto, aulize kuhusu maumivu, aangalie ngozi inavyozidi kuwa nyeusi. Hii ndiyo sababu kuota jua la mchana nyumbani hakuwezi kuchukua nafasi ya kliniki, ingawa jua letu ni kali na la bure: hakuna anayelipima.

Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, ambao mionzi hiyo hiyo inaweza kuwaletea saratani.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukizihimiza nchi kupambana na unyanyapaa unaowapata wanaoishi nayo. Serikali inayotaka kulitimiza inaweza kununua taa kwa siku moja. Muuguzi anayejua kuipima dozi juu ya ngozi nyeusi huchukua miaka kumfundisha. Bajeti na ianze kwake.