Shavu Lililoanguka: Historia ya Operesheni Tunayoiita ya Matajiri

Ndugu zangu wa Sonatubes, na ninyi mnaotusoma kutoka kambini, leo tuongee kuhusu mashavu. Ndiyo, mashavu. Kwenye simu zetu zinapita picha za watu maarufu kabla na baada ya operesheni: mashavu yamepanda, mikunjo imepotea, mtu wa miaka 60 anaonekana wa 45. Tunacheka, tunasema hela zimewazidi, tunaendelea na mambo yetu. Lakini operesheni hiyo ina historia, na historia yake imepita kwenye vita, kwenye wodi za majeruhi, na hata chini ya mlima Kilimanjaro. Ukiijua, utaona inatuhusu sisi pia.

Kwanza tuelewe ni kitu gani kinachoanguka. Sehemu ya kati ya uso inaanzia chini ya macho mpaka usawa wa mdomo. Chini ya ngozi kuna mafuta, yamelala kama mito midogo juu ya mfupa wa shavu. Chini ya mafuta kuna utando mgumu na misuli, na kuna nyuzi imara zinazofunga vyote hivyo kwenye mfupa. Umri ukienda, nyuzi zinalegea, mafuta yanapungua na kushuka, na mfupa wenyewe unapungua. Ndipo unatokea ule mfereji kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo.

Madaktari wa kwanza hawakujua yote hayo. Walidhani tatizo ni ngozi tu. Mwaka 1901 Eugen Holländer wa Berlin, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikata vipande vya ngozi karibu na masikio ya mama mmoja wa ukoo wa kitajiri, akaivuta iliyobaki, akashona. Matokeo ya namna hiyo hayakudumu, kwa sababu ngozi ni kama kitambaa: ukiivuta bila kuinua kilicho chini yake, itanyooka tena.

Huko Paris alikuwepo daktari mwanamke, Suzanne Noël, aliyetoa kitabu kuhusu upasuaji wa urembo mwaka 1926. Huyu alikuwa na hoja ya kushangaza. Alisema wanawake wengi wanaokuja kwake hawaji kwa majivuno, wanakuja kwa sababu ya kazi. Mwanamke akionekana mzee anafukuzwa, na mwenye sura changa anachukua nafasi yake. Kwa Noël, uso ulikuwa sehemu ya riziki. Na yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce, walikopelekwa askari waliovunjwa nyuso.

Hapo ndipo penye mzizi. Vita vile vya mahandaki vilibomoa nyuso kwa maelfu, maana askari akichungulia, kichwa ndicho kinachotangulia. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali maalumu Sidcup, Uingereza, chini ya Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Zaidi ya askari 5,000 walitibiwa pale, kwa operesheni zaidi ya 11,000. Gillies alihamisha ngozi kutoka kifuani au kwenye paji la uso ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake ya damu, ili isife njiani. Kazi hiyo inaitwa upasuaji wa plastiki, na wengi tunafikiri watu wanawekewa plastiki mwilini. Kumbe neno limetoka Kigiriki, lina maana ya kufinyanga.

Vita vya Pili vilipokuja, ndugu yake Gillies, Archibald McIndoe, alipokea marubani walioungua katika mji mdogo wa East Grinstead. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianzisha chama chao, na mwisho wa vita kilikuwa na wanachama 649. McIndoe alifanya jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya kisu. Aliwaomba watu wa mji wawakaribishe vijana wale majumbani na kwenye baa, na wasiwakodolee macho. Mji ukakubali.

Sasa sikilizeni historia hii inavyofika kwetu Afrika Mashariki. McIndoe alikuwa na shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Michael Wood, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi, alikuwa amefundishwa naye. Wa tatu alikuwa Mmarekani, Thomas Rees. Mwaka 1956 watatu hao walikaa huko Kilimanjaro wakapanga namna ya kupeleka madaktari kwa ndege hadi vijijini, na mwaka 1957 shirika likazaliwa: AMREF, pamoja na wale Flying Doctors, madaktari wa ndege. Yaani shirika hili la afya linalojulikana Afrika nzima lilianzishwa na wapasuaji watatu wa plastiki, watu waliozoea kurekebisha nyuso.

Na huyo Rees ni nani? New York alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa kuinua nyuso za matajiri. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wavuta sigara, ngozi iliyoinuliwa inakufa mara nyingi zaidi kuliko kwa wasiovuta. Mikono hiyohiyo iliyonyanyua mashavu ya Manhattan ilikuja huku kushona majeraha ya watu waliokuwa mbali na hospitali. Ujuzi ulikuwa mmoja, wagonjwa ndio walikuwa tofauti.

Baada ya hapo kazi ikaingia ndani zaidi. Mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Ufaransa walieleza ule utando ulio chini ya mafuta, ambao madaktari wanauita SMAS. Wapasuaji wakaacha kuvuta ngozi peke yake, wakaanza kukaza utando huo. Mwaka 1990 Sam Hamra wa Marekani alieleza njia ya kupita chini ya utando, kuzifungua zile nyuzi, na kuinua ngozi, mafuta na utando kwa pamoja. Hiyo inagusa shavu la kati vizuri zaidi, lakini inapita karibu na matawi ya neva inayoendesha uso. Mfaransa Paul Tessier, bingwa wa mifupa ya uso, alifungua njia ya chini kabisa: kubandua kila kitu kutoka kwenye mfupa na kukipandisha. Siku hizi hilo linaweza kufanywa kwa kamera ndogo kupitia matundu yaliyofichwa kwenye nywele. Ikipitia kope la chini, kuna hatari kope hilo kuvutika na jicho kubaki wazi. Njia nyingine ni kurudisha mafuta: yanavutwa tumboni au pajani, yanasafishwa, yanachomwa shavuni. Gustav Neuber wa Ujerumani alihamisha mafuta ya mwilini mwaka 1893, na Sydney Coleman wa New York aliiboresha kazi hiyo miaka ya 1990. Sehemu ya mafuta hayo mwili huyameza, kwa hiyo mara nyingine inabidi kurudia.

Mpaka hapa kijana ataniuliza, mimi nina miaka 20, mashavu yangu yanahusiana vipi na hayo? Swali zuri. Shavu haliangushwi na uzee peke yake. Neva ya uso inatokea karibu na sikio na kusambaa shavuni. Ikikatwa na panga, risasi au kipande cha bomu, upande mmoja wa uso unaanguka: shavu linashuka, mdomo unapinda, jicho halifungi, chakula kinatoka pembeni. Hapo kunyanyua shavu ni tiba ya mtu ale, anywe, aongee na alinde jicho lake lisipofuke. Daktari anaweza kuchukua utepe wa utando kutoka pajani akaufunga kama kamba ya kushikilia shavu. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walionyesha kwamba hata msuli wa paja unaweza kuhamishiwa shavuni, ukaunganishwa mishipa ya damu na neva, mtu akaweza kutabasamu tena.

Sisi tunaoishi Sonatubes hatuhitaji kufundishwa kwamba uso unabeba historia. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya UN waliondoka shule ya ETO Kicukiro. Watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia pale walibaki bila ulinzi. Walijaribu kwenda kutafuta usalama, wakazuiwa hapahapa Sonatubes, wakapelekwa Nyanza ya Kicukiro, wakauawa. Wachache walinusurika. Nchi nzima wapo watu wazima wenye alama za panga usoni, na wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tunazo zetu au tunaishi na ndugu wanaozibeba.

Leo Rwanda si ya kusubiri ndege ya daktari tu. Upasuaji huu unafanyika CHUK na hospitali ya kijeshi ya Kanombe, na Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha mabingwa wake hapa nchini. Njia ya kufika kwao ni ileile: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba jambo moja. Mkimwona kijana mwenye shavu lililoanguka au kovu linalovuta kope, msikimbilie kuandika "urembo" kwenye fomu. Bima nyingi neno hilo zinalifungia mlango. Andikeni kile asichoweza kufanya: hafungi jicho, chakula kinamtoka, hatamki vizuri. Noël alilijua hilo karibu miaka 100 iliyopita, kwamba uso unaamua kama mtu atapata kazi.

Na ninyi dada na kaka zangu, mtu akikwambia anayo sindano rahisi ya kujaza mashavu chumbani kwake, kataa. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Gersuny wa Vienna alianzisha kuchoma parafini chini ya ngozi, watu wakafurahi, kisha miaka ilipopita yakatokea mabonge na vidonda visivyopona. Muulize kwanza: wewe ni daktari? Unachoma nini? Nikipata tatizo usiku, nakukuta wapi?

Mengine yote yanahitaji hospitali na rufaa. Lile la watu wa East Grinstead halihitaji. Akipita mwenzetu mwenye kovu, msalimie kama unavyowasalimia wengine, mpe kiti, endeleeni na stori.