Elimu Haina Uzee

Msomaji kijana, huenda sasa unazihesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani wako wa mwisho, kama mfungwa ahesabuvyo siku za kifungo chake. Sikulaumu, maana nami nilikuwa hivyo. Nilipopokea cheti changu cha ualimu nilivitia vitabu vyangu katika sanduku la mbao, nikalipigilia misumari, nikajiambia kuwa kujifunza kumekwisha na kilichobaki ni kufundisha. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi aliniuliza swali dogo ambalo zamani nililijua vema. Jibu lilikuwa limenitoka. Nikaenda kulifungua sanduku, nikakuta mchwa wameshamaliza kazi yao. Siku ile nilitambua kuwa elimu iachwayo haikai pale ilipowekwa, hupungua.

Katika dini ya Kiislamu kujifunza hakukuwekewa umri. Waislamu huamini kuwa ufunuo wa kwanza alioteremshiwa Mtume Muhammad, yapata mwaka 610, ulianza kwa amri ya kusoma. Naye wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 40 hivi. Tena katika sura ya Twaha Mtume huyo huyo aliagizwa amwombe Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliagizwa kuomba ziada, nani mwingine awezaye kusema kuwa aliyonayo yamemtosha? Lakini amri ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine. Basi na tuwatazame watu wawili walioishi zama moja katika Asia ya Kati: mmoja alichelewa kuanza, na mwingine hakukoma.

Wa kwanza alikuwa mkazi wa mji wa Marw, ambao magofu yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan. Jina lake Abdallah bin Ahmad, lakini watu humwita Al-Qaffal, yaani fundi wa kufuli, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono yake. Wengi walioandika habari zake husema kuwa alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipoanza kusoma sheria. Wengine husema 40. Husimuliwa kwamba mwalimu wake wa kwanza alimpa maneno matatu tu ya mwanzo wa kitabu. Alipanda juu ya dari, akayakariri usiku kucha, na kulipokaribia kupambazuka usingizi ukamchukua. Alipoamka hakukumbuka hata neno moja! Alishikwa na haya kubwa, asijue atamwambia nini mwalimu. Alipotoka nje, mwanamke jirani alimlalamikia kuwa amewanyima usingizi kwa maneno yale yale, akayataja. Hivyo fundi akayapata tena kutoka kinywani mwa jirani. Mwalimu alipoelezwa mkasa huo hakumcheka, bali alimtia moyo, akimwambia kuwa akishikamana na kazi, kuhifadhi kutakuwa mazoea.

Naye alishikamana. Alipofariki mwaka 1026, akiwa mzee wa miaka 90, alikuwa kiongozi wa wanazuoni wa Kishafii katika Khurasani yote. Usidhani kwamba habari hii iko mbali nasi. Waislamu wengi wa pwani yetu, tangu Lamu hata Mombasa, hufuata madhehebu ya Shafii. Kitabu cha Minhaj, alichokitunga Al-Nawawi katika karne ya 13 na ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kwa vizazi vingi, kilikusanya mafundisho ya wanazuoni wa Iraki na ya wale wa Khurasani. Kwa hiyo jasho la fundi yule limefika mpaka kwetu.

Wa pili ni Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm. Huyu hakuchelewa: alikuwa bado kijana alipolitazama jua na kukadiria latitudo ya mji wake. Lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na Al-Biruni akachukuliwa kwenda Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 43 au 44, mbali na kwao, na chini ya mamlaka ya mtu aliyemteka. Wengi wangekata tamaa. Yeye alijifunza Kisanskriti, lugha ngumu ya wanazuoni wa Kihindi, akawauliza na kuwasikiliza, na yapata mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya India. Katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistani, alipima urefu wa mlima, kisha kutoka kileleni akapima pembe ya kushuka kwa upeo wa macho, na kwa hesabu ya pembetatu akakadiria ukubwa wa dunia. Alipokuwa amepita miaka 80 kwa hesabu ya mwaka wa mwezi, macho na masikio yakiwa yamedhoofika, bado alikuwa akitunga kitabu cha dawa.

Yaqut, mwandishi aliyeishi zaidi ya miaka 100 baadaye, amesimulia kwamba mwanasheria mmoja alikwenda kumtazama Al-Biruni alipokuwa taabani. Mgonjwa akamwuliza suala la fungu la bibi katika mirathi. Mgeni akastaajabu kuulizwa jambo hilo katika hali ile. Al-Biruni akamjibu kuwa ni heri auage ulimwengu akilijua kuliko auage hali halijui. Mwanasheria akamweleza, akaondoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio kutoka nyumba ile. Mwanahistoria mwangalifu atakumbuka kuwa masimulizi haya yaliandikwa muda mrefu baada ya kifo hicho. Hata hivyo yanalingana na maisha yanayoonekana katika vitabu vya mzee yule.

Sasa, msomaji wangu, rudi kwenye hesabu ya siku zako. Labda utafaulu vizuri, nawe utashawishika kulipigilia sanduku misumari kama nilivyofanya mimi. Labda hutafaulu, au karo itakosekana, na watu watakuambia kuwa wakati wako umepita. Ukishawishika, mkumbuke Al-Biruni kitandani mwake. Ukiambiwa umechelewa, mkumbuke fundi wa kufuli juu ya dari. Ingia msikitini wakati wa darsa za Ramadhani, utamwona mzee mwenye mvi ameketi karibu na mvulana wa rika lako, wote wawili wakimsikiliza sheikh mmoja. Mzee yule haoni haya. Kwa nini wewe uone?