Mstari wa Ramani na Nchi ya Wamasai

Ninyi mkaao Gerezani na Kariakoo mwaujua uwanja wa Mnazi Mmoja. Uliachwa wazi zamani za Waingereza ili mitaa ya Waafrika itengwe na ile ya Wahindi na Wazungu. Huo ulikuwa mstari mfupi wa ramani. Sasa nitawaelezeni mrefu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipiga mstari toka mlango wa mto Umba, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro hata Ziwa Viktoria. Malisho ya Wamasai yakakatika pande mbili. Upande wa Kenya, mwaka 1904, laiboni Olonana na wenziwe walitia alama zao katika mkataba: watoke Bonde la Ufa, wapewe Laikipia na nchi ya kusini ya reli, wala wasiondolewe maadamu kabila lao lipo. Ahadi ilidumu miaka 7. Kwa mkataba wa 1911 Laikipia ilitwaliwa kwa masetla. Mpaka wa kusini ukapanuliwa katika ramani, lakini maji ya Laikipia hayakuhamishika. Baadhi ya Wamasai wakashtaki. Mwaka 1913 korti ikawajibu kwamba mkataba ule ni mambo ya madola mawili, haiwezi kuuamua. Ajabu! Wamasai waliitwa dola siku ile ile waliyokosa pa kudai ardhi yao.