Kiti cha Kyela katika Bunge la Tisa

Jumatano ya Februari 6, 2008, mbunge wa Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe, alisimama bungeni Dodoma akasoma taarifa ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akatangaza kujiuzulu. Mawaziri wawili waliokuwa wameshika Nishati na Madini kwa nyakati tofauti, Dk. Ibrahim Msabaha na Nazir Karamagi, wakaondoka naye, na Baraza zima la Mawaziri likavunjika.

Siku hizo mbili zimelimeza Bunge zima la Tisa. Taja Bunge hilo popote kati ya Kasumulu mpakani na Matema, utajibiwa Richmond. Lakini Bunge hilo lilidumu miaka mitano, likikutana kwa kawaida mara nne kwa mwaka: mapema mwaka, Aprili, kisha ule mkutano mrefu wa bajeti wa katikati ya mwaka, na mwisho Oktoba au Novemba. Taarifa ya Kamati Teule ilisomwa katika Mkutano wa Kumi. Ilikuwapo mikutano tisa kabla yake, na baada yake ikafuata mingine ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Kwa maoni yangu, humo ndimo ulimo uzito wa jambo lenyewe.

Yote yalianza na ukame. Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalipungua, mgawo wa umeme ukaingia nchi nzima. Kyela haikuwa na shida ya maji. Bonde hili ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito Kiwira, Mbaka na Songwe ikifurika huzoa mpunga ungali shambani. Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, mara nyingine huhama hata njia yake. Ila gridi ya taifa ni moja. Mtera ikikauka, mashine ya umeme ya kukoboa mpunga inasimama hata kama mwenye mashine amezungukwa na maji.

Katika hali hiyo ndipo Juni 2006 ulipotiwa saini mkataba na Richmond Development Company, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas, ilete mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Mvua zilikuwa zimesharudi, lakini mkataba ulikuwa na kifungu cha kulipia uwezo wa mitambo, iwe inazalisha au imezimwa. Hesabu iliyotajwa sana bungeni ilikuwa shilingi milioni 152 kwa siku.

Spika wa Bunge hilo alikuwa Samuel Sitta, aliyeingia na kaulimbiu ya "kasi na viwango". Wengi waliichukulia kama mbwembwe. Chama kimoja, CCM, kilikuwa na majimbo 206 kati ya 232, na Bunge la namna hiyo si kawaida yake kuisumbua Serikali. Agosti 2007 lilionyesha sura yake ya zamani: Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini kutoka CHADEMA, alitaka iundwe kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hakupewa kamati, alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa.

Kilichobadilika kati ya Agosti na Novemba kilitoka nje ya ukumbi. Zitto alizunguka mikoani na viongozi wenzake wa upinzani, na Septemba Dk. Willibrod Slaa akasoma hadharani, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Wabunge wa CCM waliporudi majimboni walikuta wananchi wana maswali. Waliporejea Dodoma walikuwa wameshajua kwamba kunyamaza kuna gharama yake. Taasisi ya kupambana na rushwa ilikuwa imeshasema haikuona rushwa katika Richmond, lakini Kamati ya Uwekezaji na Biashara ya William Shellukindo, mbunge wa CCM, ikaja na hoja ya kutaka kamati teule. Novemba 13, 2007 ikaundwa. Mwenyekiti akawa mbunge wa Kyela. Wenzake walikuwa Herbert Mntangi, Lucas Selelii, Stella Manyanya na Mohamed Habib Mnyaa wa CUF.

Mwakyembe alikuwa katika kipindi chake cha kwanza, lakini ukumbi wa Bunge haukuwa mgeni kwake. Ni mwanasheria, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa ametoka kwenye Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Kabla yake Kyela ilizoeleka kutajwa Dodoma kwa mchele, kakao, mafuriko, na mpaka wa ziwa ambao Serikali imekuwa ikishikilia tangu 1967 kwamba unapita katikati ya maji, huku Malawi ikisimamia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaouweka ufukweni kwetu. Sasa ikatajwa kwa jambo la nchi nzima.

Kamati iliona kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa na kwamba taratibu za zabuni zilipindishwa. Lowassa alilalamika ndani ya ukumbi ule ule kwamba kamati haikumwita kumhoji. Hoja hiyo ilimfuata maisha yake yote. Mwaka 2015 alipogombea urais kwa tiketi ya CHADEMA ilirudi majukwaani kana kwamba ilikuwa ya jana. Wapo wanasheria wanaoiona ya haki, na mimi siwabezi. Taarifa inayomwangusha mtu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingekuwa na majibu yake ndani.

Mizengo Pinda alithibitishwa na Bunge kuwa Waziri Mkuu Februari 8. Hapo ndipo magazeti yalipofunga ukurasa, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Bunge lilikuwa limepitisha maazimio 23, na kila azimio lilihitaji utekelezaji: maofisa wawajibishwe, mikataba ipitiwe upya, malipo yaangaliwe. Serikali ikawa inarudi na taarifa ya utekelezaji, mkutano baada ya mkutano, kupitia Kamati ya Nishati na Madini. Mara taarifa haikutosha, mara wahusika wamestaafu, mara uchunguzi unaendelea. Soma Kumbukumbu Rasmi za mikutano ya 2008 na 2009 uone jinsi hasira inavyopungua kidogo kidogo kadiri kurasa zinavyosonga. Februari 2010, miaka miwili tangu siku ile ya makofi, Bunge likakubali mjadala ufungwe. Wengi walitarajia kishindo, hakikutokea.

Katikati ya hayo Bunge lilikuwa na makaa ya mawe ya Kiwira mezani. Mgodi huo, uliopo upande wa Ileje jirani na Kyela, ulibinafsishwa mwaka 2005 kwa kampuni ya TanPower Resources, kukiwa na ahadi ya umeme mwingi. Umeme haukuja, na wafanyakazi wakadai mishahara. Wabunge waliuliza mgodi ulikwenda kwa nani na kwa bei gani, na baada ya kelele za miaka kadhaa Serikali ikaamua kuurejesha mikononi mwake. Laiti nchi ingeutazama mgodi huu mapema, pengine isingekimbilia kukodi mitambo ya mafuta na gesi kwa pupa.

Mengine ya Bunge la Tisa hayana msisimko, lakini ndiyo yaliyobaki. Kanuni za Kudumu za 2007 zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi. Kamati za hesabu zikapewa wapinzani waziongoze: John Cheyo, Slaa na Zitto. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 ikampa nguvu Mkaguzi Mkuu, na kama leo ripoti yake inawakosesha wakurugenzi usingizi, chimbuko mojawapo ni hapo. Sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, fedha ambazo mbunge na halmashauri huzielekeza kwenye darasa au zahanati. Katika vijiji vya ziwani sheria hii kavu iligusa watu wengi kuliko Richmond.

Lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, takriban kilomita 39, haikujengwa katika kipindi kile. Ilisubiri Bunge na bajeti za baadaye. Wapiga kura hawakuhesabu hivyo. Oktoba 2010 walimrudisha Mwakyembe, na 2015 tena, hadi aliposhindwa katika kura za maoni za CCM mwaka 2020. Mwaka 2017 alikabidhiwa wizara inayosimamia habari, wakati matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yalikuwa yameshaondolewa kwenye televisheni ya taifa. Matangazo hayo ndiyo yaliyomfikisha kila nyumba Februari 2008.

Nayo mitambo? Novemba 2010, Bunge la Tisa likiwa limeshavunjwa, mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru TANESCO iilipe Dowans, deni ambalo kwa fedha zetu lilitajwa kuwa shilingi bilioni 94. Mwaka 2011 mitambo yenyewe ikauzwa kwa kampuni ya Kimarekani, Symbion. Julai 2, 2013, Rais Barack Obama aliitembelea pale Ubungo, akausifu mpango wake wa umeme kwa Afrika, kisha akapiga danadana kwa mpira unaohifadhi umeme. Mbunge wa Kyela, wakati huo, alikuwa Waziri wa Uchukuzi.