Hema la mfalme juu ya manowari

Katika picha za kumbukumbu za Jeshi la Wanamaji la Marekani, sitaha ya manowari USS Murphy imepigwa hema, na mazulia yametandikwa chini ya mizinga. Ni Februari 1945, ikiwa safarini kutoka Jeddah.

Jeddah haikuwa na gati ya meli kubwa. Abiria walivushwa kwa mashua, katikati ya matumbawe yaliyoko mbele ya mji mkongwe na ufuo wa Ruwais. Ndivyo Mfalme Abdulaziz alivyopanda manowari tarehe 12, kwenda kukutana na Rais Roosevelt karibu na mfereji wa Suez. Mafuta ya Saudia yalikuwa yameanza kupakiwa melini Ras Tanura mwaka 1939, na Marekani ililijua hilo vyema.

Mfalme alikataa chumba cha ndani. Alilala hemani, upande wa omo. Kondoo wa kitoweo walifungwa tezini.

Jambo ambalo picha haziwezi kuonyesha ni kwamba omo ile ilikuwa mpya. Oktoba 1943, karibu na New Jersey, meli ya mafuta Bulkoil iliigonga Murphy na kuikata vipande viwili. Kipande cha mbele kilizama na mabaharia zaidi ya 30. Cha nyuma kilikokotwa hadi New York, mafundi wakakiundia omo nyingine, na Juni 1944 manowari ilikuwa Normandy.

Mafundi hao hawamo katika picha za Jeddah. Omo ya kwanza ingali chini ya Atlantiki.